Fleti za bei nafuu Hegang na miji mingine midogo ya Uchina: nani anafaa kununua, na hati inampa haki gani

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Tangu video za fleti za Hegang zianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, swali linalonifikia kutoka Dar es Salaam, Nairobi na hata Muscat ni lilelile: je, ni kweli kwamba Uchina mtu anaweza kununua nyumba ya vyumba viwili kwa yuan 50,000, yaani takribani dola 7,000, ambayo kwetu ni bei ya Toyota IST iliyotumika? Na je, sisi nasi tunaruhusiwa? Ninaishi Harbin kwa ajili ya kazi, katika jimbo lilelile la Heilongjiang, na nimewasindikiza wenzangu kukagua nyumba katika mji huo. Bei ni ya kweli. Ruhusa inategemea mahali ulipo leo na karatasi ulizonazo mkononi, na kwa kuwa wapo watu wanaotaka kutuma akiba zao za miaka mingi kwa sababu ya video ya dakika mbili, nimeona niandike kwa kirefu.

Hegang ni mji wa makaa ya mawe ulioko kaskazini-mashariki kabisa mwa Uchina, si mbali na mto ambao Warusi huuita Amur na ambao ndio mpaka wa nchi hizo mbili. Makaa yamechimbwa huko kwa zaidi ya miaka 100, na mwaka 2011 serikali kuu iliuweka mji huo kwenye orodha ya miji ambayo rasilimali zake zimekaribia kwisha. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu wapatao milioni 1.06, ile ya mwaka 2020 ikahesabu takribani 891,000, na katika muongo huohuo jimbo zima lilishuka kutoka watu milioni 38 hadi chini ya milioni 32. Wakati vijana wakihama, serikali ilikuwa ikibomoa vibanda vya kale vya wachimbaji na kuwajengea wakazi wake maghorofa ya fidia, kwa hiyo nyumba ziliongezeka huku watu wakipungua. Mwaka 2019 kijana mmoja baharia aliandika mtandaoni jinsi alivyonunua fleti huko kwa chini ya yuan 60,000, habari ikaenea nchi nzima, na vijana wanaofanya kazi kwa njia ya intaneti wakaanza kuhamia. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2021 halmashauri ya mji ilitangaza kusitisha ajira za watumishi wa ngazi ya chini kwa sababu ilikuwa inarekebisha upya hali yake ya fedha.

Ninaeleza historia hii kwa sababu ndiyo inayoeleza bei. Wauzaji ni wengi kuliko wanunuzi, na yeyote anayenunua leo ajue kwamba siku akitaka kuuza ataingia kwenye foleni hiyohiyo ya wauzaji. Anayetafuta faida ya kuuza baadaye hana la kutafuta Hegang. Bei za nyumba Uchina zimekuwa zikishuka tangu mwaka 2021 karibu nchi nzima, na miji inayopoteza watu ndiyo ya mwisho kutarajiwa kuinuka.

Tena, fleti za yuan 50,000 si fleti zozote tu. Karibu zote ni za ghorofa ya juu kabisa, ya sita au ya saba, katika majengo ya zamani yasiyo na lifti. Ukishuka hadi ghorofa ya tatu, au ukitaka jengo lenye lifti, bei huweza kuwa mara mbili au zaidi. Fleti moja niliyoingia na mfanyakazi mwenzangu mwezi Januari ilikuwa ghorofa ya saba. Kuanzia ghorofa ya tano, ukuta wa ngazi ulikuwa na utando mweupe wa barafu ambao ungeweza kuukwangua kwa kucha. Ndani, kwenye pembe ya dari ya chumba cha kulala, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka, na chini yake kulikuwa na michirizi ya rangi ya chai, dalili ya paa linalovuja theluji inapoyeyuka. Maji yaliyobaki kwenye bakuli la choo yalikuwa yameganda. Mabomba ya kupashia nyumba joto yalikuwa baridi kama chuma cha nje, kwa sababu mwenye nyumba hakulipa ada ya msimu na kampuni ya joto ilikuwa imefunga vali na kuitia lakiri. Dalali alituonyesha jinsi jua linavyoingia sebuleni, na kwa kweli lilikuwa linaingia vizuri. Picha ya kwenye tangazo ilikuwa imepigwa wakati wa kiangazi.

Suala la joto lazima lieleweke kabla ya jambo jingine lolote, kwa kuwa sisi hatuna uzoefu nalo. Katika Heilongjiang nyumba hupashwa joto kutoka mtambo wa mji kwa takribani miezi sita, kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Aprili, na ada yake hutozwa kwa mita ya mraba ya nyumba, si kwa matumizi yako. Usiku wa Januari nyuzijoto hushuka mara kwa mara hadi 20 chini ya sifuri na zaidi ya hapo. Ukiiacha fleti tupu, unaweza kuomba ufungiwe joto kabla msimu haujaanza, lakini kwa kawaida utadaiwa sehemu ya ada hata hivyo, na mabomba ya maji yakipasuka kwa barafu wewe ukiwa Mwanza, maji yatakayoingia kwa jirani wa chini ni juu yako. Kwa fleti ya bei ile, ada za miaka michache zinaweza kuwa sehemu kubwa ya bei yenyewe ya ununuzi.

Jambo la pili ni vipimo. Mita za mraba zilizoandikwa kwenye hati za Uchina hazihesabu vyumba vyako peke yake. Zinajumuisha mgawo wako wa ngazi, korido na shimo la lifti. Katika maghorofa marefu mgawo huo waweza kufika robo ya eneo lote, na katika majengo ya zamani huwa mdogo kuliko hapo. Usipige hesabu ya samani kwa kutumia namba ya kwenye tangazo. Nenda na futi yako.

Sasa nije kwenye ruhusa. Waraka wa serikali kuu wa mwaka 2006 ulimtaka mgeni awe amefanya kazi au kusoma ndani ya Uchina kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kununua nyumba ya kuishi. Mwaka 2015 waraka mwingine uliondoa sharti la mwaka, lakini ukabakiza msingi wake: mgeni anayeruhusiwa ni yule anayefanya kazi au kusoma ndani ya Uchina, na anunue nyumba ya kuishi mwenyewe kwa kadiri ya mahitaji yake halisi. Miji mikubwa iliweka masharti ya ziada juu ya hayo, na miji midogo kama Hegang haikuwa na sababu ya kufanya hivyo, lakini msingi ule unabaki popote. Kwa hiyo mtu aliyeko Tabata au Kayole, asiye na kibali cha kuishi Uchina cha kazi wala cha masomo, hana njia ya halali ya kununua fleti ya Hegang akiwa nyumbani, hata kama fedha anazo taslimu na hata kama dalali anamwambia vingine.

Na hati haileti viza. Hili ndilo ninaloliona likiwapoteza watu wengi zaidi, pengine kwa sababu wamesikia habari za nchi zinazotoa ukaazi kwa mwenye kununua nyumba. Uchina haifanyi hivyo. Ukiwa na fleti yako ya Hegang na pasipoti ya Tanzania au Kenya, bado utaomba viza kama mgeni mwingine yeyote, utakaa kwa siku ulizopewa, na ndani ya saa 24 baada ya kufika utakwenda kituo cha polisi cha mtaa kujiandikisha kwamba umelala hapo, kama sheria ya uhamiaji iliyoanza kutumika Julai 2013 inavyomtaka mgeni yeyote asiyekaa hotelini. Kibali cha kazi nacho kinafungamana na mwajiri. Ajira ikikoma, kibali hukoma, na nyumba inabaki yako ila wewe huna haki ya kuikalia mwaka mzima.

Kuhusu ardhi, Watanzania hawatapata shida kuelewa, kwa kuwa hata kwetu ardhi ni ya umma na mtu hupewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Katiba ya Uchina ya mwaka 1982 inasema ardhi ya mijini ni mali ya dola. Anayenunua fleti anamiliki nyumba yenyewe na ana haki ya kutumia ardhi iliyo chini yake kwa muda usiozidi miaka 70 kwa makazi. Miaka hiyo huanza kuhesabiwa tangu ardhi ilipotolewa kwa mjenzi, kwa hiyo fleti ya zamani imekwisha kula sehemu ya muda wake. Kanuni ya Madai, yaani sheria kuu ya Uchina ya mali, mikataba na mirathi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, katika kifungu cha 359, inasema haki ya ardhi ya makazi huendelea yenyewe muda ukiisha, na suala la ada likaachiwa sheria nyingine. Tofauti na hizo ni zile zinazotangazwa kama fleti lakini zimejengwa kwenye ardhi ya biashara ya miaka 40, au ardhi ya miaka 50, ambazo hazina uhakika huo. Nyumba za vijijini ziacheni kabisa: ardhi yake ni ya jumuiya ya kijiji, na hata Mchina wa mjini hawezi kuinunua kwa hati halali.

Msimamo wangu, baada ya kuyaona haya, ni kwamba fleti ya mji mdogo inamfaa mtu ambaye tayari anaishi Uchina kihalali, ana sababu ya kuishi katika mji huo kwa miaka mingi, na analinganisha bei hiyo na pango analolipa. Kwa wengine wote nashauri wapange. Hegang yenyewe unaweza kupanga fleti nzuri kwa yuan mia chache kwa mwezi, ukakaa msimu mmoja wa baridi, ukajua kama mwili na moyo vinakubali.

Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa maelezo haya, mwenye uzi. Mimi sina kibali cha kuishi Uchina, lakini rafiki yangu wa Kichina ambaye tumefanya naye biashara kwa muda mrefu amejitolea kununua fleti kwa jina lake, halafu tuandikiane mkataba wa siri kwamba fedha ni zangu na nyumba ni yangu. Namwamini mtu huyo. Je, mkataba kama huo una nguvu?

Mleta uzi

Kaka, sina sababu ya kumshuku rafiki yako, na hatari yenyewe haitegemei uaminifu wake. Uchina umiliki wa nyumba huhama pale jina linapoandikwa kwenye daftari la serikali, si pale fedha zinapolipwa. Jina lililoko kwenye daftari likiwa lake, basi mbele ya watu wengine nyumba ni yake. Mkopeshaji wake akimshtaki, nyumba inaweza kukamatwa na kupigwa mnada. Akifariki, warithi wake wataiona kama sehemu ya mali yake. Akiachana na mkewe, mke ataidai, kwa sababu mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa kawaida huhesabiwa ya wote wawili. Wewe utabaki na madai ya fedha dhidi ya mtu mmoja, katika mahakama ya nchi ambayo huna kibali cha kukaa, ukiegemea mkataba ulioandikwa ili kukwepa sharti la mgeni. Kwa kiasi cha dola 7,000 nisingemweka rafiki yangu katika mtihani huo.

Mchangiaji, Guangzhou

Mimi ni mfanyabiashara na kibali changu cha kazi kiko sawa. Sisi hapa tumezoea kubadilishana fedha kwa simu: ndugu yangu Kariakoo anampa mtu shilingi, na mwenzake huku ananitumia yuan kwenye simu muda huohuo. Nikikusanya fedha ya fleti kwa njia hiyo, kuna ubaya gani, maadamu yuan ni yuan?

Mleta uzi

Mkuu, umegusa jambo ambalo linawaumiza watu wetu zaidi kuliko bei ya nyumba, na naomba unisome kwa makini.

Kwanza, yuan inayoingia kwenye simu yako kwa njia hiyo hujui imetoka wapi. Polisi wa Uchina wanapofuatilia fedha za matapeli wa mtandaoni, hufunga kila akaunti ambayo fedha hiyo ilipitia, na wewe uliyeipokea kwa nia njema utajikuta akaunti yako imefungwa na unatakiwa kwenda kujieleza katika mji ambao hujawahi kuufika. Tunawafahamu wenzetu yaliowakuta haya, na baadhi yao walikaa miezi wakiwa na akiba wasiyoweza kuigusa.

Pili, njia halali ya mgeni kuingiza fedha ya nyumba inapitia benki. Unaleta dola kutoka nje, unaonyesha mkataba wa ununuzi na karatasi zako, benki inazibadili kuwa yuan kwa ajili ya nyumba hiyo na kuzihamishia kwenye akaunti ya muuzaji. Ni njia yenye karatasi nyingi na inachosha. Faida yake inaonekana siku ya kuuza, kwa sababu ili benki ikubadilishie yuan za mauzo na kuzituma nje itataka kuona mkataba wa mauzo, uthibitisho kwamba jina limehama kwenye daftari, na stakabadhi za kodi. Ukiwa na mnyororo mzima wa karatasi, kuanzia dola ilipoingia hadi inapotoka, unazungumza na benki ukiwa na kauli. Kama fedha uliyonunulia ni mshahara uliolipwa hapohapo Uchina, tunza vielelezo vya mshahara na kodi yake ya mapato. Yule aliyenunua kwa fedha za kubadilishana kwenye simu hana cha kuonyesha, na anaweza kuuza nyumba vizuri kabisa kisha akabaki na yuan asizoweza kuzitoa.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam alaykum. Mwanangu amepata kazi ya uhandisi Uchina na anataka kununua fleti ndogo huko. Mimi kama mzazi nauliza jambo moja tu: Mwenyezi Mungu akimchukua kabla yetu, mali hiyo itagawanywaje? Sisi tungependa mirathi ifuate sheria ya dini yetu.

Mleta uzi

Waalaykum salaam, mama. Mola ampe umri mrefu mwanao.

Sheria ya Uchina kuhusu mambo yanayogusa mataifa mengine, iliyoanza kutumika Aprili 2011, inasema kwamba mtu akifa bila wasia, mirathi ya mali isiyohamishika hufuata sheria ya mahali mali ilipo. Kwa hiyo fleti iliyoko Uchina itagawanywa kwa sheria ya Uchina hata kama marehemu ni Mkenya Mwislamu. Kwa mujibu wa Kanuni ya Madai, warithi wa daraja la kwanza ni mume au mke, watoto, na wazazi, na kwa kawaida hugawana sawa kwa sawa, bila tofauti kati ya mtoto wa kiume na wa kike. Nanyi wazazi mnatambuliwa hapo pamoja na mke na watoto. Kwa kuwa sheria hiyo inamruhusu mtu kuandika wasia na kupanga mafungu mwenyewe, mwanao anaweza kukaa na kadhi na mwanasheria, akaandika wasia ambao mafungu yake yanalingana na faraidhi, kisha akauthibitishe Uchina katika ofisi ya mthibitishaji wa hati wa serikali. Afanye hivyo mwezi uleule atakaopokea hati, maana kuthibitisha udugu na vifo kutoka Kenya hadi kwenye ofisi ya Uchina ni safari ndefu ya mihuri, na walio kwenye msiba hawana nguvu ya safari hiyo.

Mchangiaji, Dodoma

Nimeona pia matangazo ya majengo mapya, yanayojengwa sasa, yenye punguzo kubwa kwa anayelipa mapema. Kwa nini tuhangaike na fleti za zamani zinazovuja wakati mpya zinapatikana?

Mleta uzi

Kwa sababu fleti ya zamani inayovuja unaiona. Kwa miaka mingi wajenzi wa Uchina waliuza nyumba kabla ya kuzimaliza, na fedha za wanunuzi wa jengo hili zikatumika kununulia ardhi ya jengo lile. Agosti 2020 serikali ilipoanza kuwabana kwenye mikopo, mnyororo ukakatika. Evergrande, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za ujenzi nchini, ilishindwa kulipa madeni mwishoni mwa mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe. Katikati ya mwaka 2022 wanunuzi wa mradi wake mmoja katika mji wa Jingdezhen walitangaza kwamba wataacha kulipa mikopo ya nyumba ambazo hazijakamilika, na wanunuzi wa miradi mingi katika miji mingine wakawafuata. Hao walikuwa wenyeji, wenye lugha, wenye ndugu, wanaoweza kusimama kila siku mbele ya ofisi ya halmashauri. Mgeni aliyelipia jengo lisilomalizika hana hata nyumba ya kulala akiwa anadai haki yake. Nunua jengo lililosimama, lenye watu wanaoishi ndani yake, na hati iliyokwisha kutolewa.

Mchangiaji, Jinhua

Mimi nimeolewa na Mchina, na watoto wetu wanasoma hapa. Je, hali yangu ni tofauti?

Mleta uzi

Ni tofauti sana, dada, na wewe ni kati ya watu ambao nyumba ya bei nafuu inaweza kuwa na maana kwao. Kibali chako cha kuishi kinatokana na ndoa, si mwajiri, kwa hiyo huna hofu ya ajira kukoma. Mwenzi wa Mchina anaweza kuomba ukaazi wa kudumu akishatimiza miaka mitano ya ndoa na miaka mitano mfululizo ya kuishi Uchina, angalau miezi tisa kila mwaka, akiwa na kipato cha uhakika na mahali pa kuishi. Hapo hati ya nyumba inakuwa kielelezo chenye uzito, ingawa peke yake haitoshi. Ninachokusihi ni kwamba jina lako liandikwe kwenye hati pamoja na la mumeo. Sheria inakutambua hata jina lisipoandikwa, maadamu nyumba imenunuliwa ndani ya ndoa, lakini jina lililoandikwa linakuondolea kazi ya kuthibitisha.

Cheti chenu cha ndoa kikiwa kilitolewa Afrika Mashariki, uliza mapema kuhusu uthibitisho wake. Uchina imo katika mkataba wa kimataifa wa muhuri mmoja wa kuthibitisha hati (apostille) tangu tarehe 7 Novemba 2023, lakini hilo linamsaidia yule tu ambaye nchi yake nayo imo, kama Burundi. Wengine wanaendelea kupitia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa Uchina.

Mchangiaji, Kampala

Baridi hiyo mimi siiwezi. Hakuna mji wa joto wenye bei kama hizo?

Mleta uzi

Ipo miji mingine inayotajwa pamoja na Hegang. Gejiu, mji wa machimbo ya bati katika jimbo la Yunnan, uko kusini karibu na Vietnam, juu ya milima, na hali yake ya hewa ingekukumbusha nyanda zetu za juu kuliko Siberia. Nao ulitangazwa kuwa mji uliokwisha rasilimali, na kazi kwa mgeni ni chache vilevile. Wengine huvutiwa na Rushan, katika jimbo la Shandong, ambako fleti nyingi zilijengwa ufukweni kwa ajili ya watu wa mapumziko. Huko kiangazi kunapendeza, na baridi ikiingia majengo mengi hubaki na taa chache tu, maduka hufungwa, na baadhi ya nyumba hazijaunganishwa kabisa na joto la mji. Kwa mtu mwenye kibali cha kazi, mimi ningetazama kwanza mji mdogo ulio karibu na mahali anapofanyia kazi, hata kama bei ni mara tatu ya Hegang, kwa sababu nyumba usiyoweza kurudi kulala baada ya kazi haikupunguzii pango.

Mchangiaji, Harbin

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, nimebakiza miaka mitatu, na profesa wangu amepata nafasi ya utafiti Jiamusi, ambako kwa treni ya kasi ni karibu na hapa. Kutoka Jiamusi hadi Hegang ni kama kilomita 70. Nimepata fleti ya ghorofa ya nne Hegang, muuzaji ni mzee mwenye hati, nami nina akiba. Naomba unieleze nifanye nini kwa utaratibu.

Mleta uzi

Mdogo wangu, kwanza ukae ukijua kwamba miaka mitatu ni michache kwa kununua, na kama ungekuwa ndugu yangu wa damu ningekwambia upange Jiamusi. Ikiwa umeamua, basi fanya hivi.

Nenda na mzee huyo kwenye ofisi ya usajili wa mali ya mji, si kwa dalali, mkaangalie daftari: jina la mmiliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio la mahakama, na kama wapo wamiliki wengine ambao lazima nao watie saini. Hapohapo uliza ofisi inataka nini kutoka kwa mgeni, maana miji midogo haijazoea kutuona, na afisa anaweza kuhitaji muda kuuliza ngazi ya juu. Peleka kibali chako cha kuishi, barua ya chuo na pasipoti, na jina lako litafsiriwe na kuthibitishwa mara moja tu, kisha litumike vilevile kwenye kila karatasi. Pasipoti ikiisha na kupata namba mpya, ofisi itataka uthibitisho kwamba wewe ni yuleyule, kwa hiyo pasipoti ya zamani usiitupe kamwe.

Ukitoa arubuni, mkataba utaje waziwazi kwamba ni arubuni. Kwa Kanuni ya Madai mnunuzi anayejitoa huipoteza na muuzaji anayejitoa huirudisha mara mbili, na haitakiwi kuzidi asilimia 20 ya bei. Andikeni pia kwamba ofisi ikikataa kukusajili kwa sababu ya uraia wako, arubuni inarudi yote. Hicho ndicho kifungu ambacho mikataba ya kawaida ya madalali haina, na wewe unakihitaji kuliko mnunuzi mwingine. Kodi ya hati kwa nyumba ya kwanza isiyozidi mita za mraba 140 imekuwa asilimia 1 tangu Desemba 2024. Uliza ofisi ya kodi kama wewe unahesabiwa hivyo kabla ya kupiga hesabu. Bei iliyobaki usiikabidhi mkononi kabla ya maombi ya kubadili jina kupokelewa.

Mwisho, kabla ya kutia saini, nenda kwenye ofisi ya kampuni ya joto ukiwa na anwani ya fleti na uombe kuona kama kuna deni la misimu iliyopita. Chungulia pia deni la usimamizi wa jengo, maji na umeme. Muuzaji alipe yote mbele yako, upewe stakabadhi, na akaunti ya joto ihamishiwe kwenye jina lako kabla ya Oktoba.